Daftari la Mawingu la Darasa la Nne

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiinua mbingu juu yetu pasipo nguzo tunayoiona, akayaamuru mawingu yaende na yarudi, akaupa mwezi vituo vyake ili waja wapate kuhesabu siku zao. Namshukuru kwa umri mrefu alionipa, na kwa akili aliyoniachia baada ya kunipunguzia macho na magoti. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na watu wake, na kila aliyefuata njia yao kwa subira. Baada ya shukrani hizo, naomba ruhusa ya msomaji nisimulie msimu mmoja wa utoto wangu mjini Tabora, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Ni jambo dogo. Nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, Mungu amrehemu, na kuliko nilivyokaa katika nyumba yoyote.

Nikilikumbuka, kinachonijia kwanza ni harufu ya mafuta ya cherehani. Baba yangu, Fundi Sudi, alikuwa akishona kanzu barazani kwetu, mtaa wa Gongoni. Kila asubuhi kabla ya kukaa alitia matone mawili matatu ya mafuta kwenye matundu ya mashine, akayafuta yaliyozidi kwa kitambaa, kisha akakinusa kile kitambaa kama mtu anayenusa mboga ya jana kujua kama imechacha. Masika yakipamba moto, harufu hiyo ilichanganyika na ya bafta mpya, na ya ukuta wa udongo uliolowa, na ya uji wa mtama uliokuwa ukichemka uani. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mjini alijulikana kwa mambo mawili: mshono wake haukufumuka, na neno lake halikurudi nyuma. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, ilipofika tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, yeye ndiye aliyetoka jioni kwenda kuutafuta mwezi mwandamo. Alipita nyumba za mwisho akasimama kwenye njia ya Ujiji, ile ya zamani waliyopita wapagazi na misafara, kwa kuwa inaelekea machweo moja kwa moja na hapakuwa na kitu cha kuzuia macho. Akirudi akasema ameuona, sheikh wa msikiti wetu hakumuuliza mara ya pili.

Mimi nilikuwa darasa la nne, mmoja wa wasichana wachache katika darasa lililojaa wavulana. Mwalimu wetu wa jiografia aliitwa Mwalimu Elia, Mkristo Mmoraviani, mzaliwa wa kule Usinge, mwembamba, mpole, aliyevaa suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Mwaka huo watu wa hali ya hewa waliziomba shule ziwasaidie kutazama mawingu, wakampa Mwalimu karatasi zenye picha, kipimamvua cha bati, na daftari kubwa lenye mistari. Alivipokea kama mtu anayepokea amana ya yatima. Alitutoa nje, akatulaza chali kwenye nyasi, akatuambia tuligawe anga vipande vinane, kama tunavyokata mkate wa kumimina, kisha tuhesabu vipande vilivyofunikwa. Anga lisilo na wingu lilikuwa sifuri. Lililozibwa kabisa lilikuwa nane kwa nane. Alitufundisha mawingu ya manyoya, yaliyo juu sana na hayana mvua. Mawingu ya pamba, yanayoota adhuhuri juu ya misitu. Mawingu ya tabaka, yanayoulalia mji kama blanketi. Na yale meusi yenye kichwa bapa, yanayobeba radi. "Msiandike mnachodhani," alituambia kila siku. "Wala msiandike alichosema babu. Andikeni kilicho mbele ya macho." Hatukuwa tumewahi kusikia kwa mtu mzima kwamba macho yetu yanaweza kumfaa mtu.

Anga lilisomwa mara tatu kwa siku: asubuhi na mchana tukiwa shuleni, na jioni jua likizama, wakati kila mtoto yuko kwao. Kwa kazi ya jioni Mwalimu alitaka mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri, atakayelichukua daftari nyumbani na kulirudisha asubuhi. Nikanyoosha mkono. Hamdani, mtoto wa Mzee Maulidi muuza nafaka, akageuka kunitazama.

"Mwalimu, huyu Zena hawezi," alisema. "Wasichana wa Gongoni jua likizama wanafungiwa pamoja na kuku."

Darasa likacheka. Alipoona limecheka akaongeza, "Atalitazama anga kwenye tundu la banda lao."

"Mimi sifungiwi," nikasema.

Mwalimu Elia alisubiri kicheko kiishe. "Kweli, Zena? Jioni unaweza kusimama mahali pa wazi, ukaliona anga lote?"

"Naweza, Mwalimu."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huvimba, watu wakaliona, wakakupa pole. Hamdani alikuwa amesema kweli. Kwetu, adhana ya magharibi haikumkuta msichana nje. Mama alisema hiyo ndiyo saa ambayo majini hupita njiani; Baba hakutoa sababu, alisema tu, "Magharibi, ndani." Kwa hiyo jioni ya kwanza nilisimama uani na daftari langu. Upande wa mawio palikuwa na nyumba yenyewe. Upande wa machweo palikuwa na ukuta mrefu wa jirani na paa la jiko letu. Nilichokiona ni kipande cha anga juu ya utosi wangu, kama mkeka wa kulalia watu wawili. Nikakigawa kipande hicho mara nane, nikahesabu, nikaandika. Siku ile nilikusudia kumwambia Mwalimu kesho yake. Kesho yake aliusifu mwandiko wangu mbele ya darasa, na Hamdani alikuwa amekaa palepale. Wiki ya tatu nilikuwa nimesahau kwamba kulikuwa na neno la kusema.

Nisidanganye kwamba niliteseka. Nililipenda daftari lile kuliko nguo yangu ya Idi. Nilipenda kuchonga penseli, na kungoja mpaka mwanga upungue, na kuandika tarehe. Nilijua kwamba nikisema ukweli litapewa Hamdani. Nilijua pia kwamba baadhi ya wazee walikuwa wakimwambia Baba aniondoe shuleni, kwa kuwa msichana aliyekwisha kuhitimu juzuu zake katika chuo cha Kurani ametosheka. Na Mzee Maulidi alikuwa wa kwanza kati yao. Baba aliwajibu, "Bado anasoma," akaendelea kukanyaga cherehani. Kusoma kwangu kote kulisimama juu ya maneno hayo mawili.

Mwezi wa Shaaban mwaka huo uliangukia mwishoni mwa masika. Jioni ya tarehe ishirini na tisa, kabla Baba hajatoka kwenda njia ya Ujiji, wingu la tabaka lilikuwa limeshalala juu ya mji, la kijivu, lisilo na mkunjo wala tundu. Mama alikuwa akichagua kunde kwenye ungo. Nilitazama juu, kutoka ukuta mpaka ukuta, nikaandika: jua likizama, nane kwa nane, tabaka, hakuna upepo. Nikalitia daftari ndani ya mkoba. Baba alirudi baada ya kupitia msikitini. Alikuwa akinawa miguu penye kizingiti cha uani alipomwambia Mama, "Kesho tunafunga. Nimeuona."

"Kwa wingu hili?" Mama aliuliza.

"Chini yake. Lilikuwa halijafika chini. Juu ya miti palibaki ufa mwembamba. Umekaa kidogo, ukazama."

Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Nilijua papo hapo kilichokuwa kimeandikwa ndani ya mkoba wangu, na kwamba yale mawili hayawezi kukaa mji mmoja. Ningeweza kuchukua kifutio. Ningeweza kumwambia. Nilikaa nikamsaidia Mama kuloweka kunde, na mikono yangu ndani ya maji ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine. Kisha nikalala, na usingizi ukaja upesi.

Kulipokucha, mji ulikuwa umegawanyika. Wengi walifunga kwa neno la Baba, kwa kuwa kuuanza mwezi wa Ramadhani shahidi mmoja mwadilifu anatosha. Mzee Maulidi hakufunga. Alisema jana alisimama mlangoni mwa duka lake, wingu lilikuwa kama kifuniko cha sufuria, na yeye hafungi siku ya shaka. Shuleni, wavulana waliofunga na wasiofunga walibishana tangu kengele ya kwanza. Daftari lilikuwa juu ya meza ya Mwalimu, wazi, kama ilivyokuwa desturi, ili kila mtu alisome. Hamdani akalisoma.

"Nane kwa nane," alisema kwa sauti. "Kaandika binti wa Fundi mwenyewe. Sasa Fundi kaona mwezi, au kaona kifungo cha kanzu?"

Wengine walicheka, wengine wakanitazama. Mimi nilikuwa nikinakili hesabu ubaoni, nikaendelea kunakili. Mchana Hamdani alikwenda kwao mbio, na baada ya sala ya alasiri watu wakaja barazani kwetu: sheikh, Mzee Maulidi, wazee wengine wawili, Hamdani nyuma ya baba yake, na mwisho kabisa Mwalimu Elia, daftari kwapani, akitembea kama mtu aendaye kumzika asiyemjua. Baba aliunyanyua mguu kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likasimama. Akawakaribisha. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Fundi, mimi nimeombwa kuja," alisema Mwalimu Elia. "Mambo ya mwezi ni yenu, siyaingilii. Daftari hili halikuandikwa kwa ajili ya saumu."

"Lakini limeandikwa," alisema Mzee Maulidi. "Na aliyeandika hakujua kama leo tutagombana. Ndiyo maana mimi namwamini."

"Unamwamini leo," alisema mzee mmoja. "Juzi ulitaka aondolewe shule."

"Juzi ni juzi."

Sheikh aliinua mkono wakanyamaza. Akaniita. Nilitoka nikatoa shikamoo kwa wote, nikasimama karibu na cherehani. Aliniuliza bila ukali. "Binti Sudi, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, Sheikh."

"Jana magharibi ulilitazama anga?"

"Niliandika nilichokiona."

"Uliliona lote?"

Sakafuni palikuwa na vipande vya uzi mweupe. Nilivihesabu, vilikuwa kumi na kimoja. Mwalimu Elia alikuwa akinitazama, na Hamdani, na Baba. Baba alikuwa na jawabu moja tu la kusema, fupi na la kweli: binti yangu hawezi kuuona upande wa machweo, kwa sababu mimi mwenyewe nimemkataza kutoka. Kila aliyekaa pale angeelewa. Na kila aliyekaa pale angejua kwamba binti wa Fundi Sudi alimdanganya mwalimu wake msimu mzima, na baada ya hapo "Bado anasoma" isingekuwa na pa kusimama.

"Mtoto huyu hasemi uongo, Sheikh," Baba alisema.

Wote wakamgeukia.

"Mwenye umri ni mimi. Macho ya fundi huchoka. Huenda nilichokiona ni ukingo wa wingu."

Sheikh akamuuliza, "Unaurudisha ushahidi wako?"

"Naurudisha."

Maji yakimwagika hayazoleki. Sheikh akatoa neno kwamba siku ile ihesabiwe kuwa ni ya thelathini ya Shaaban, na aliyefunga akitaka ale, akitaka amalizie kwa hiari yake. Watu wakaondoka. Moshi wa majiko ulianza kupanda mtaani kabla ya wakati, maana wengi walikwenda kula. Mama alileta uji na viazi vitamu barazani akaviweka mbele ya Baba. "Weka hapo," alisema, akaendelea kushona. Uji uliota ngozi. Nzi walikuja. Baba alishona mpaka adhana ya magharibi, ndipo akaosha mikono, akanywa maji mafunda matatu, akamega kiazi. Mimi nilikuwa nimesoma chuoni kwamba aliyeuona mwezi kwa macho yake saumu inamlazimu yeye, hata kama mji wote unakula. Nilisimama mlangoni nikamtazama akitafuna. Hapo nilijua kwamba anajua nilikosimama jioni ile. Nilingoja nisikie uchungu au aibu, kama watu wanavyosema husikika. Haukuja uchungu wala aibu. Kulikuwa na ubaridi tu, kama ule wa ganzi ya mguu uliokaliwa, nao haukuondoka kesho yake, wala Ramadhani nzima.

Tulifunga. Jioni nilisimama uani nikaandika. Hakuna aliyeniambia niache. Kuhusu mwezi, watu hawakusema neno mbele ya Baba, isipokuwa wateja wawili watatu waliomtania kwamba wao wanataka kanzu zenye kola upande wa shingo, asije akaiona kwenye pindo. Alicheka nao kidogo. Kanzu za Idi zilikuwa nyingi mwaka ule, na alishona usiku na mchana kama kawaida yake.

Siku ya ishirini na nane mvua ilinyesha mchana ikakatika, na anga likabaki safi kama sahani iliyosuuzwa. Watu walipotoka kusali magharibi, mwezi mwandamo ulikuwa juu ya njia ya Ujiji. Haukuhitaji shahidi. Wanawake waliuona kutoka madirishani, watoto waliuona, mwenye duka wa Kihindi aliuona akifunga mlango wake. Kwa kawaida mwezi wa Idi hupokewa kwa vigelegele. Jioni ile mtaa ulikuwa kimya mpaka nikasikia mbuzi wa jirani akicheua.

"Tumefunga ngapi?" mtu mmoja aliuliza, ingawa kila mtu alijua.

"Ishirini na nane."

"Hakuna mwezi wa siku ishirini na nane."

Mmoja baada ya mwingine watu walianza kutazama upande wa baraza yetu, ambako Baba alikuwa akitia vifungo kwa mwanga wa kandili.

Katika sala ya Idi sheikh alitangaza kwamba mji unadaiwa siku moja, ile iliyohesabiwa kuwa ya thelathini ya Shaaban, na kila mtu ailipe. Mchana Mzee Maulidi alikuja, akavua kofia, akakaa mkekani. "Fundi, nimekukosea," alisema. "Hukunikosea," Baba alimjibu. "Uliamini maandishi." Mzee Maulidi akasema basi, mwakani wewe ndiye utakayetutazamia. Baba akasema hapana. Sheikh alipokuja jioni kumsihi, Baba alimwambia maneno ambayo niliyasikia nikiwa nyuma ya pazia lilelile: "Nilikuwa na ushahidi nikauficha. Mtu wa namna hiyo hafai kushuhudia." Sheikh akamuuliza aliuficha kwa ajili ya nini. Nilisikia kanyagio la cherehani likianza kazi, na baada ya muda nikasikia viatu vya sheikh vikiondoka. Siku mji ulipoilipa ile saumu, Baba aliyekuwa na siku zake ishirini na tisa kamili, asiyedaiwa kitu, alifunga pamoja nao.

Shule ilipofunguliwa Mwalimu Elia aliniita uwanjani, mbali na madirisha. Hakuwa na fimbo. "Zena, jioni ile ulisimama wapi?"

"Uani, Mwalimu."

"Na jioni nyingine?"

"Uani."

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilikuuliza mara moja tu, mbele ya watu wanaokucheka." Tukaingia darasani. Alichukua rula na penseli nyekundu, akapiga mstari juu ya jioni zangu zote, ukurasa baada ya ukurasa, polepole, bila kuharibu mistari ya asubuhi na ya mchana. Alisema hawezi kuzipeleka namba hizo kwa watu watakaozitegemea. Kisha, pembeni mwa kila ukurasa uliobaki mweupe, alichora safu mpya, akaandika juu yake: Mtazamaji alisimama wapi. Daftari akapewa Hamdani. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili akaniuliza, "Penseli yake iko wapi?" Nikampa. Baadaye nilisikia kwamba kila jioni alikuwa akitembea mpaka njia ya Ujiji na kurudi, hata mvua ikinyesha, na katika ile safu mpya aliandika maneno yaleyale kila siku.

Mimi niliendelea na masomo. Nilimaliza, nikawa mwalimu wa watoto chuoni, na mpaka leo waja wanaoniita Bi Mwalimu ni wengi kuliko ninavyostahili. Baba hakutoka tena kuutafuta mwezi. Tarehe ishirini na tisa ikifika alikaa ndani. Kwa kuwa alikuwa amewaambia wazee kwamba macho yake yamechoka, aliishi kama mtu aliyechoka macho: sindano alinipa mimi nimtungie uzi, na barua alinipa nimsomee, hali nilimwona mara nyingi akimfuata mwewe kwa macho mpaka ng'ambo ya reli. Miaka mingi baada ya Uhuru alipougua mara yake ya mwisho, mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Tulikuwa na siku nyingi, na nyumba ilikuwa tulivu. Hakuniuliza, wala mimi sikusema. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Nami neno hilo sikulizaa.

Leo mtaa umebadilika. Karibu na ile njia ya zamani kuna shule, na jioni nyingine mwalimu wao kijana huwatoa wanafunzi uwanjani, wasichana kwa wavulana, wakatazama mawingu na kuyapiga picha kwa simu. Mjukuu wangu aliniambia picha hizo huenda mbali, zikalinganishwa na zile zinazopigwa na chombo kilichoko juu huko, kinacholitazama wingu lilelile kutoka mgongoni. Wasichana husimama katikati ya uwanja mpaka jua linazama, hakuna anayewaita ndani. Namshukuru Mungu kwa hilo; sitamani ua wetu urudi. Ila nikisikia habari za mwezi siku hizi, nyumba moja ina Idi mbili, ndugu wanarushiana maneno kwenye simu, na macho ni mengi, na habari huja kutoka kila nchi, na hakuna hata mmoja anayekubali kusema huenda nimekosea. Zamani neno la mtu mmoja liliufungisha mji, na mwandiko wa mtoto ukaufungulisha. Sisemi kwamba hayo yalikuwa bora. Nasema tu kwamba nilimwona mtu akiliweka chini neno lake la kweli kama anavyoweka mzigo, ili asiye na haki apite.

Kila mwaka, tangu nilipopata umri wa kufunga, nilifunga siku moja ya ziada baada ya Idi kwa ajili ya siku ile. Hakuna aliyenilazimisha; kwa sheria nilikuwa mtoto. Mwaka huu daktari amenikataza kabisa kwa sababu ya sukari. Nilikaa kitandani nikifikiri nitatoa nini badala yake. Sheikh ametangulia, Mzee Maulidi ametangulia, Mwalimu Elia na Hamdani nao, na Baba kabla ya wengi wao. Wote waliokuwa barazani siku ile wamekwenda bila kusikia jawabu langu, na swali la sheikh bado liko palepale. Basi nalijibu kwa maandishi, kwa mkono unaotetemeka lakini ni uleule. Nashuhudia kwamba jioni ile nilisimama uani. Nashuhudia kwamba upande wa machweo sikuuona, jioni ile wala jioni yoyote. Nashuhudia kwamba baba yangu, Fundi Sudi, aliuona mwezi.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, nakuombea Mungu akutie nuru ya macho na ya moyo, akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli mapema, aipokee saumu yako na sala yako, na awarehemu wazazi wako kwa yote waliyoyanyamazia kwa ajili yako. Amina.